Baraza la Nyumbani: Ni Nani Atakayemwandikisha Binti Huyu?

Miongoni mwa barua tulizozipokea juma hili iko moja iliyotufanya tuziweke kando nyingine zote. Imeandikwa na mama mmoja akaaye kambini, ambaye mumewe ni askari aliyeko Somalia, nchi ambako majeshi yetu ya Uganda yaliingia mwaka 2007. Binti yao wa kwanza amemaliza kidato cha sita na shabaha yake ni kuwatibu watu. Karibu na soko lililo jirani na kambi kimefunguliwa chuo ambacho ubao wake unatangaza "Udaktari wa Tiba Mbadala", masomo ya Jumamosi tu, kwa muda wa miezi sita. Mwenye chuo anataka karo yote ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi, tena kwa simu, kwa namba yake mwenyewe. Baba ameshatuma fedha. Mama anatuuliza: "Nilipe au ningoje?"

Ngoja, mama. Fedha iliyochumwa kwa kukesha katika handaki haistahili kutolewa kwa sababu ya ubao wa rangi nzuri. Sisemi hivi kwa kumdharau mwenye chuo, nisiyemjua. Nasema hivi kwa kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliumwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka binti wa marehemu ndugu yangu katika chuo kimoja akasomee kazi ya maabara. Niliona makoti meupe, nikaona na hadubini mbili juu ya meza, nikaridhika. Sikuuliza lolote. Alisoma mihula minne, na siku alipokwenda kujiandikisha kwa mtihani wa taifa aliambiwa kwamba chuo chake hakimo katika orodha. Hakuna aliyemfokea, karani alilifunga daftari kwa upole tu. Ilimbidi aanze upya mahali pengine, akiwa mkubwa kuliko wenziwe wote darasani, na mpaka leo tukiketi mezani pamoja naona haya kulitaja jambo lile. Katika zile hadubini, nilikuja kuambiwa baadaye, moja haikuwa na lenzi.

Basi swali la kwanza si karo ni kiasi gani, wala chuo kiko mbali au karibu. Swali la kwanza ni hili: akimaliza, ni baraza gani litakalomwandikisha? Katika nchi yetu cheti cha chuo peke yake hakimpi mtu ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Ruhusa hutolewa na baraza la taaluma yake. Madaktari na waganga wa meno wana baraza lao. Wauguzi na wakunga wana lao. Na maafisa tabibu, watu wa maabara, wa eksirei na wa mazoezi ya viungo wana lao pia. Vyuo vikuu navyo husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mzazi anaweza kuandika barua au kufika mwenyewe Kampala akauliza kama chuo fulani kinatambuliwa. Mwenye chuo asiyeweza kukutajia baraza litakalompokea mwanao, usimpe hata shilingi.

Sasa tutazame alama za binti. Mama ametuandikia kwa aibu kwamba alipata Biolojia C, Kemia D na Hisabati E. Asione aibu. Ni kweli kwamba alama hizo hazitamfikisha katika shule ya udaktari ya Makerere kwa karo ya serikali. Shule hiyo imekuwa ikifundisha utabibu tangu mwaka 1924, na wanaoigombea ni wengi. Hesabu ya vyuo vikuu vya umma imekuwa hivi: A huhesabiwa pointi 6, B pointi 5, C pointi 4, D pointi 3, E pointi 2. Masomo mawili ya lazima huzidishwa mara 3, na somo linalohusiana nayo mara 2. Biolojia ya binti itampa 12, Kemia 9 na Hisabati 4, yaani 25. Msichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Mwenye A tatu atakuwa na 48 kwa masomo hayo hayo. Hapo hakuna haja ya kumfariji mtu kwa maneno matupu.

Lakini huyu binti amefaulu Biolojia na Kemia kama masomo makuu, na masomo hayo mawili ndiyo ufunguo wa milango mingine. Anaweza kuomba diploma ya uafisa tabibu, ambayo ni ya miaka mitatu, katika vyuo kama vile vya Fort Portal, Gulu au Mbale. Anaweza kuomba uuguzi au ukunga. Kwa diploma njema na miaka ya kazi, anaweza baadaye kuomba shahada. Afisa tabibu ndiye anayewapokea wagonjwa wengi katika vituo vyetu vya afya vya vijijini, na wake zetu wengi kambini wamezalishwa na wakunga wa diploma na wa cheti. Sielewi ni nani aliyetufundisha kwamba asiyekuwa daktari ameshindwa.

Kwa wazazi wenye watoto wadogo zaidi, neno moja tu. Uamuzi huu hufanywa mtoto anapochagua masomo ya kidato cha tano, si anapomaliza cha sita. Kijana hodari wa Fizikia, Uchumi na Hisabati aliyeiacha Biolojia ameshaufunga mlango wa udaktari bila ya kujua. Wala msitafute "daraja la kwanza" katika karatasi ya kidato cha nne. Tangu matokeo ya mwaka 2024 madaraja yaliondolewa, na kila somo likapewa herufi kutoka A hadi E.

Turudi kwenye tiba mbadala, kwa kuwa mama anasema binti ameipenda kwa moyo, akimkumbuka bibi yake aliyekuwa akichemsha mwarobaini. Hatuwezi kumcheka. Serikali ina taasisi yake ya kuchunguza dawa za miti huko Wandegeya, na Chuo Kikuu cha Mbarara kina kituo cha elimu ya juu katika fani hiyo. Bunge nalo lilipitisha sheria ya tiba asilia na tiba mbadala mwaka 2019, inayotaka waganga wa namna hiyo waandikishwe na baraza lao. Kwa hiyo swali letu ni lile lile: baraza gani?

Kisha kuna hesabu ya saa. Shirika la Afya Duniani, katika kipimo lilichokitoa mwaka 2010 kwa mafunzo ya tiba ya njia za asili ijulikanayo kama naturopathia, lilitaka angalau saa 1500, na kati ya hizo zisipungue 400 za kumhudumia mgonjwa chini ya msimamizi. Chuo cha jirani yako, mama, kina Jumamosi 26. Hata akisoma saa sita kila Jumamosi bila ya kukosa, atapata saa 156. Kwa saa hizo ubao unamwita daktari.

Kama binti angali anaipenda miti, na asome kwanza uafisa tabibu au ufamasia. Miti haitahama. Akiwa na elimu hiyo atajua lini mwarobaini unatosha na lini homa ya mtoto inataka sindano usiku huo huo.

Kwa chuo chochote utakachokiendea, uliza wanafunzi wanajifunzia katika hospitali ipi, kisha uende hospitali hiyo umuulize muuguzi mkuu wa wodi kama anawajua. Taka barua ya kukubaliwa yenye jina kamili la binti na la kozi. Karo ilipwe benki, katika akaunti ya chuo, stakabadhi uitunze. Na kabla ya yote zipeleke karatasi hizo kwa afisa tabibu wa zahanati ya kambi. Atazisoma kwa dakika kumi, na hatakudai kitu.

Mwandikie mumeo leo kwamba fedha ziko salama benki, na mwambie sababu, asije akadhani umezitumia. Baraza litakapokujibu, tuletee nakala. Barua ya koplo wa Jinja kuhusu mtoto anayekataa maziwa tutaijibu juma lijalo.