Mdhamini wa Mfungwa Ajulikane kwa Jina

Satwa, neno "mdhamini" lina kazi tatu, na mgeni anayeingia Dubai kutoka Mombasa, Tanga au Jinja hujifunza kazi hizo kadiri shida zinavyompata. Kuna mdhamini wa viza, yule ambaye Waarabu humwita kafili. Kuna mdhamini wa polisi, anayekubali kuacha pasipoti yake kituoni ili mwenzake atoke akasubiri kesi nje. Na kuna mdhamini wa bodi: mtu aliyekabidhiwa fedha za watu kwa ajili ya watu wengine, ambaye siku yoyote anaweza kuulizwa zimekwenda wapi.

Wa kwanza wamejaa. Wa pili hupatikana, tena mara nyingi ni kijana aliyeingia mjini juzi, asiye na kitu cha thamani zaidi ya hiyo pasipoti. Wa tatu ndiye haonekani.

Satwa ni mtaa wa zamani uliobanwa kati ya maghorofa ya vioo ya Sheikh Zayed Road na ufukwe wa Jumeirah. Hapa wapo mafundi cherehani, maduka ya vitambaa, wauza miche, gereji za kushona viti vya magari, na Ravi, mkahawa wa Kipakistani uliofunguliwa 1978 ambao bado unalisha mtu akashiba bila kukopa. Mwaka 2008 mtaa ulikuwa ufutwe. Mradi mkubwa wa Jumeirah Garden City ulitangazwa, watu wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Kisha msukosuko wa fedha duniani ukaukwamisha mradi na sehemu kubwa ya Satwa ikasalimika. Ndiyo maana mpaka leo mlinzi, mpishi au dada wa saluni kutoka Afrika Mashariki anaweza kupata mahali pa kulala hapa, akikodi kitanda tu, si chumba.

Ni kwenye vitanda hivyo ujumbe unapoingia, kawaida baada ya Isha, watu wakisharudi kazini. "Ndugu zangu, mwenzetu kashikwa. Tusimwache." Chini yake orodha inaanza kujijaza yenyewe. Mpishi wa Karama, 50. Dada wa saluni, 100. Madereva watatu, 150. Asiyetaka jina, 20. Kila anayeongeza lake huinakili orodha yote na kuirusha upya, mpaka simu inachoka kwa mitetemo. Huo ni moyo ambao hakuna serikali iliyoufundisha, na anayeubeza hajawahi kulala ugenini akiwa na tatizo.

Lakini isomwe tena orodha hiyo. Haina namba ya kesi. Haisemi kama mwenzetu anadaiwa na benki, amegonga mtu kwa gari, au amepitiliza viza. Haisemi fedha zinaingia akaunti ya nani, wala zikibaki zitafanywa nini. Baada ya wiki mbili kundi limeshahamia kwenye harusi ya mtu na msiba wa mwingine, na aliyechanga 20 hajui kama aliyefungwa ametoka. Si lazima pawe na mwizi. Mara nyingi hayupo. Kilichopo ni ukimya, na mwizi akitokea siku moja atakuta kiti chake kimeshawekwa tayari.

Tena orodha hiyo ni kosa la jinai. Amri Namba 9 ya Dubai ya mwaka 2015 inakataza kuchangisha fedha bila idhini ya Idara ya Mambo ya Kiislamu na Hisani, iwe kwa bahasha, kwa tangazo au kwa simu. Adhabu yake ni kifungo cha miezi miwili hadi mwaka, au faini ya dirhamu 5,000 hadi 100,000, au vyote viwili. Sheria ya shirikisho ya 2021 ikaja kukaza zaidi: mtu binafsi hana ruhusa ya kuchangisha, kazi hiyo ni ya taasisi zenye leseni. Kwa hiyo mtu mwenye huruma zake anaweza kumfuata ndugu yake ndani kwa kosa la kumtafutia fedha za kumtoa. Mkali wa sheria atasema amejitakia. Hata hivyo, wengi Satwa hawajui kama sheria hiyo ipo, na wanaostahili kuwaambia kwa Kiswahili hawajawaambia vya kutosha.

Wakati huohuo, milango halali ipo, tena mingine iko jirani. Dar Al Ber, shirika la hisani lililoanzishwa Dubai 1978, na Beit Al Khair la 1989, yote yana mafungu ya kuwasaidia wafungwa walioshindwa kulipa madeni. Msingi wake unajulikana kwa kila aliyekaa darasa la madrasa: Sura ya Tawba imewataja wenye madeni, gharimina, miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka. Kwa upande wa serikali upo Mfuko wa Faraj, ulioanzishwa 2009 chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kuwalipia wafungwa wasio na uwezo. Faraj kwa Kiarabu, faraja kwa Kiswahili. Mzungumzaji wa Kiswahili anauelewa mfuko huo kwa jina lake kabla hata ya kuelezwa unafanya nini.

Na faraja hiyo wakati mwingine ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya Ramadhani ya 2024, Firoz Merchant, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka India anayeishi Dubai, alitoa dirhamu milioni 1 ili wafungwa 900 katika Imarati watolewe, walipiwe madeni na nauli za kurudi kwao. Ukigawanya, ni kama dirhamu 1,100 kwa mtu. Hiyo ni kodi ya kitanda ya mwezi mmoja au miwili. Mtu alikuwa amefungwa kwa kiasi hicho.

Si wote, bila shaka. Dereva aliyeua kwa bahati mbaya anakabiliwa na dia, yaani fidia ya damu, ya dirhamu 200,000, na bima ikikataa kulipa, orodha ya WhatsApp haitamfikisha popote. Sheria nazo zimelegezwa: tangu Januari 2, 2022, hundi iliyorudi kwa kukosa fedha kwa kawaida haimpeleki mtu jela kama zamani, ingawa mdai bado anaweza kuiomba mahakama imzuie mdaiwa kusafiri. Aliyekwama Dubai bila kazi, bila ruhusa ya kuondoka, huwa nusu mfungwa hata kama funguo za chumba ziko mfukoni mwake.

Bwana Merchant anastahili shukrani, na miaka yote tangu 2008 amekuwa akifanya hisani hiyo kwa kushirikiana na mamlaka, si kwa kificho. Lakini fadhila ya tajiri mmoja ni mvua: inanyesha ikipenda. Anayetaka kulima kila msimu anachimba kisima, na kisima kwa lugha ya hisani ni bodi ya wadhamini.

Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa hili na mgeni. Mwenye shamba la minazi Unguja aliyeliweka wakfu kwa ajili ya msikiti alimteua mutawali, na mutawali hakuwa mwenye mali. Alikuwa mtunzaji, na kula nazi za wakfu bila haki ilikuwa aibu iliyomfuata mtu mpaka kwa wajukuu. Zanzibar bado ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya inao makamishna wake wa wakfu Mombasa. Tanzania Bara, bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kupewa nafsi ya kisheria: wajumbe hufa, bodi haifi.

Mfano wa karibu wa bodi kwa ajili ya wafungwa ni ule wa Alexander McLean, Mwingereza aliyekwenda Uganda mwaka 2004 akiwa na miaka 18, kujitolea kuwahudumia wagonjwa, akawakuta wafungwa hospitalini wamefungwa pingu vitandani. Mwaka 2007 akaanzisha African Prisons Project, ambayo sasa inaitwa Justice Defenders na inafanya kazi Uganda na Kenya. Ilisajiliwa Uingereza kama shirika la hisani lenye wadhamini, na huko majina ya wadhamini pamoja na hesabu huwekwa kwenye daftari la umma ambalo hata mlinzi wa zamu ya usiku Satwa anaweza kulifungua kwenye simu yake.

Walichokifanya ni kusomesha sheria wafungwa na askari magereza, kupitia Chuo Kikuu cha London. Mmoja wa waliosoma ni Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo Uganda mwaka 2002. Yeye na wenzake 417 walikuwa wameishtaki serikali, na Januari 2009 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba hukumu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa haifai. Kigula alitoka gerezani Luzira Januari 2016. Kenya nako kuna Faraja Foundation, jina lilelile tena, iliyoanzishwa na padri Mbenediktini kutoka Uswisi, Peter Meienberg, na inayojulikana katika magereza ya Nairobi, Lang'ata ya wanawake ikiwemo.

Waingereza wamekwenda mbali kidogo hata kwa mtindo unaoweza kumchekesha mtu wa Manzese. Tangu 1985 wana Butler Trust, ambayo kazi yake ni kuwatuza askari magereza na maofisa wa uangalizi waliofanya vizuri. Tuzo kwa askari jela! Lakini kuna akili ndani yake. Mfungwa anatumia muda mwingi na askari kuliko na hakimu, wakili na shehe wake wakijumlishwa pamoja. Askari akiwa mtu, nusu ya urekebishaji imeshafanyika.

Sasa Waafrika Mashariki wa Satwa wafanye nini? Kuunda shirika lao Dubai si jambo la mwezi mmoja, na bila leseni lisianzishwe kabisa. Kinachowezekana ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Dubai, mchango upelekwe kwa taasisi yenye leseni, kwa namba ya kesi, na risiti irudi kwenye kundi. Nyumbani, jumuiya za Watanzania, Wakenya na Waganda walioko Ghuba zisajili bodi za wadhamini chini ya sheria za huko, na konseli zao Dubai ziwe daraja badala ya kaunta ya kugonga mihuri ya hati za kusafiria.

Na katika bodi hizo wasikae wale wa kawaida tu: mfanyabiashara, shehe, mchungaji na yule mzee asiyekosa kwenye meza kuu. Awepo mtu aliyewahi kulala Al Awir, gereza kuu la Dubai, kwa sababu yeye anajua mfungwa anahitaji nini saa anapofunguliwa, na kitu hicho ni nadra kuwa hotuba. Awepo mhasibu asiye ndugu wa mwenyekiti. Awepo ofisa wa uangalizi.

Huyu wa mwisho ndiye husahaulika, na hapo ndipo fedha nyingi za huruma hupotea. Mgeni aliyemaliza kifungo Imarati mara nyingi hupandishwa ndege moja kwa moja. Anatua Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe na mfuko wa plastiki, bila simu, mara nyingine bila senti, mbele ya familia iliyozoea kupokea fedha kutoka kwake. Kenya ina huduma ya uangalizi na ufuatiliaji tangu miaka ya 1940. Tanzania ina Idara ya Huduma za Uangalizi na, tangu Sheria ya Parole ya 1994, bodi za parole. Lakini hizo zimejengwa kwa ajili ya waliohukumiwa na mahakama za nyumbani. Aliyehukumiwa Dubai hana faili kwao. Kwa makaratasi ni msafiri kama wengine, ingawa majirani wote wameshajua alikuwa wapi.

Bodi yenye fedha kidogo na ofisa mmoja mstaafu wa uangalizi ingeweza kumpokea uwanjani, ikampa nauli ya basi mpaka Moshi au Bungoma, ikakaa na mama yake jioni moja, na kurudi baada ya miezi mitatu kuuliza anaendeleaje. Haya hayagharimu kama wakili wa Dubai. Yanagharimu majina: watu wanne au watano watakaokubali kuandikwa, kuitwa, kukaguliwa na kuondolewa wakishindwa.

Ramadhani ya 2025, mtawala wa Dubai alitangaza msamaha kwa wafungwa 1,518, na Rais wa Imarati kwa wengine 1,295. Ramadhani nyingine inakuja, na simu za Satwa zitatetemeka tena. Anayeipokea orodha asikimbilie kuandika 50 yake. Aulize kwanza namba ya kesi, taasisi yenye leseni itakayopokea fedha, na nani atakayerudisha risiti. Akijibiwa yote matatu, atoe. Asipojibiwa, dirhamu zake azipeleke mwenyewe Dar Al Ber au Beit Al Khair, adai karatasi, aipige picha na kuituma kwenye kundi.