Msituite vilaza, leteni bumu kwa wakati

Makamanda, tuambiane ukweli. Mtoto wa mkulima anafika chuo kikuu kusoma sheria. Bumu linachelewa, anabebwa kitanda kimoja na mwenzake, anashindia mihogo. Matokeo ya mwaka wa kwanza: sapu tatu, GPA 2.1. Hapo hata sisi tunamwita kilaza!

Anakaza. Mwaka wa nne anatoka na 3.1, kwa sababu ule mwaka wa njaa nao umehesabiwa. Hata hivyo shahada anayo, na Shule ya Sheria, ambayo lazima aipitie ili awe wakili, inampokea.

Je, akishaingia? Mwaka 2022 matokeo yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu ni 26. Wa kurudia mitihani 342, waliodisko 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Sawa. Lakini jamani, watu 607 wakikwama kwa mpigo, hivyo ni vichwa vyao vibovu au ni mfumo mzima, kuanzia lile bumu la mwaka wa kwanza?

Tunadai mawili. Bumu lifike kabla ya kipindi cha kwanza. Mkopo wa Shule ya Sheria umfikie kila asiye na uwezo.

Na wewe mwenye sapu leo, usifungashe virago. Kesho wenzetu wakiwekwa ndani kwa kuandamana, nani atasimama mahakamani kuwatetea? Mtoto wa waziri? Thubutu! Ni wewe. Rudi darasani.