Vijiji Viwili vya Makaa ya Mawe



Mwezi uliopita tuliitwa kuamua shauri la vijana wa vijiji viwili jirani. Kila kijiji kina timu yake ya mpira, na kila timu imepungukiwa: huku hawatimii watu kumi na mmoja, huko hawana mpira wa kuchezea. Wazee walishauri waungane. Vijana wakakataa, kila upande ukisema, "Jina letu lisife." Hatukuwalaumu, kwa maana jina ni kitu kikubwa. Lakini tuliwasimulia habari za vijiji viwili vya Ubelgiji, nasi twaona vema kuwasimulia ninyi pia.

Upande wa mashariki wa nchi ile, katika jimbo la Limburg, palikuwa na kijiji kiitwacho Genk. Ardhi yake ni ya mchanga, na watu wake walikuwa wachache. Mwaka 1901 mjuzi mmoja wa mawe, jina lake André Dumont, alitoboa ardhi katika kijiji cha As kilicho karibu, akaona makaa ya mawe chini sana. Basi machimbo yakafunguliwa, na matatu katika hayo yalikuwa Genk: Winterslag, Waterschei na Zwartberg. Kila shimo lilizaa kijiji chake. Nyumba zikajengwa kwa safu, wakaja wafanya kazi kutoka Poland na Italia, na baadaye kutoka Uturuki na Moroko. Walishuka chini asubuhi kila mtu na lugha yake, wakapanda juu jioni wote weusi kwa vumbi, hata mgeni asiweze kumtambua nani ni wa wapi.

Watu hao walipenda sana mpira. Waterschei walianza kucheza mwaka 1919, na chama chao kikaitwa Thor. Herufi hizo nne zatokana na maneno ya Kiflamandi yenye maana ya "kwa kurudishiwa haki zetu." Winterslag nao wakaanzisha chao mwaka 1923. Vijiji hivi si mbali, na ujirani wa namna hiyo mwaujua: siku ya kuchezana wao kwa wao ilikuwa siku ya majivuno na machozi.

Walakini msivione vyama hivyo kuwa vidogo kwa sababu vijiji vyao vilikuwa vidogo. Mwaka 1981 Winterslag walipambana na Arsenal ya London, chama chenye fedha na sifa, wakakitoa katika mashindano ya Ulaya. Thor nao walitwaa Kombe la Ubelgiji mwaka 1980, wakalitwaa tena mwaka 1982. Mwaka 1983 walifungwa na Paris Saint-Germain mabao mawili kule Ufaransa. Waliporudi nyumbani wakafunga matatu, wakaendelea mbele wao. Ni Aberdeen ya Uskoti iliyowazuia walipobakiza hatua moja kufika fainali.

Lakini huku wakishangilia, kilichowalisha kilikuwa kikifa. Makaa yaliyotoka nchi za mbali yaliuzwa kwa bei rahisi kuliko yao, na mafuta ya petroli yalichukua nafasi ya makaa. Shimo la Zwartberg lilifungwa mwaka 1966, na katika ghasia zilizotokea watu wawili walipoteza maisha. Mwaka 1987 likafungwa la Waterschei, na mwaka 1988 la Winterslag. Baba aliyeshuka shimoni miaka ishirini alikaa mlangoni, hana pa kwenda. Na chama cha mpira kilichotegemea shimo kitasimama kwa mguu gani?

Basi mwaka huo huo wa 1988 vyama viwili vilivyoshindana zaidi ya miaka sitini viliunganishwa kuwa kimoja, kikaitwa Racing Genk. Tazameni walivyogawana. Uwanja ulikuwa wa Waterschei. Namba ya kuandikishwa katika shirika la mpira, yaani 322, ilikuwa ya Winterslag. Majina ya zamani yaliwekwa chini yote mawili. Wala msidhani ya kuwa baraka ilikuja mara moja, kwani msimu wa kwanza walikuwa wa mwisho kabisa, wakashuka daraja. Bila shaka wengi walisema, "Hatukuwaambia?"

Wakavumilia. Mwaka 1998 walitwaa Kombe, na mwaka 1999 wakawa mabingwa wa Ubelgiji, jambo ambalo Winterslag peke yake hawakuliweza, wala Waterschei peke yao. Uwanja wao nao wasimulia habari hizi kwa majina yake. Kwanza uliitwa kwa jina la Dumont, aliyeyagundua makaa. Kisha uliitwa kwa jina la Thyl Gheyselinck, bwana aliyewekwa kusimamia kufungwa kwa machimbo. Mwaka 1999 ukaitwa Fenix, ndege wa hadithi za kale anayeungua akawa majivu, na katika majivu akazaliwa tena. Baadaye makampuni ya biashara yakaupa majina yao.

Habari hizi zatugusa na sisi. Mwaka 2016 Mbwana Samatta wa Tanzania alijiunga na Genk, akitoka TP Mazembe ya Lubumbashi katika Kongo, nao pia ni mji wa machimbo, ya shaba. Mwaka 2019 Genk walikuwa mabingwa tena, na yeye alifunga mabao 23 katika ligi. Akapewa Kiatu cha Mpingo, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika Ubelgiji.

Tena majina hayakufa. Mahali palipokuwa shimo la Waterschei leo paitwa Thor Park, napo watu hufanya kazi na kujifunza ufundi mpya. Na mzee wa Winterslag akiulizwa ametoka wapi, atajibu kama alivyojibu zamani.

Hayo ndiyo tuliyowaambia vijana wetu. Walisikiliza kimya. Kisha mmoja akauliza, "Je, uwanja utakuwa wa nani?" Tukafurahi, kwa maana aulizaye hivyo ameanza kuhesabu atatoa nini na atapata nini. Hawajaamua bado. Tutawapasha habari.