Kiapo cha Creech

Mwandishi, katika makala yako umeruka kisa cha kambi ya jeshi la anga ya Creech, Nevada, 2014. Mwanajeshi wa anga wa Marekani alitaka kuongeza mkataba, akayakata kwa kalamu maneno “Ee Mungu nisaidie” kwenye fomu ya kiapo. Wakubwa wakagoma: aape yote au aondoke. Na Katiba yao, ibara ya 6, inakataza kumpima mtu kwa dini ndipo apewe kazi ya umma! Septemba ya mwaka huohuo wakalegeza sharti hilo. Mimi alfajiri hainipiti msikitini, lakini kiapo cha kushurutishwa Mungu anakitakia nini? Hata mahakamani kwetu asiyeapa huthibitisha tu kwamba atasema kweli. Basi tuandikie pia habari za jeshi la wanamaji la Marekani, lililomkataa Jason Heap alipoomba kuwahudumia wanajeshi wasio na dini kama makasisi wanavyowahudumia wenye dini.