UFUNDI NA FAMILIA: Mota inanguruma, boti haiendi

Mwezi uliopita tuliongea juu ya cheni ya baiskeli. Mwezi huu tunashuka ziwani. Najua wengine mtasema, mwalimu, hapa kambini ziwa liko wapi? Subirini kidogo.

Mama mmoja jirani yetu alikuja darasani jioni, baada ya wanafunzi kutoka. Mdogo wake anaendesha boti ya mbao yenye mota kule ng'ambo, kati ya Kazimia na Baraka. Anabeba watu na magunia ya unga wa muhogo. Siku moja, wakiwa mbali na pwani, upepo wa kusini ukaanza. Kijana akaongeza moto. Mota ikapiga kelele kubwa lakini boti ikasimama, ikageuka ubavu kwa mawimbi. Watu wakaanza kulia na kuteka maji kwa ndoo. Akapunguza moto, boti ikaanza kusogea polepole, wakafika usiku.

Fundi wa kule akasema gia zimekwisha, lazima kununua mguu mzima wa mota, dola 250. Mdogo akapiga simu kwa dada yake. Mama akawa anataka kukopa kwenye kikundi cha akiba. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo pesa ni ya watoto. Lakini nikikataa na yeye akazama, nitasema nini kwa wazazi?"

Mimi nimezaliwa hapa kambini, ziwa Tanganyika nimeliona mara chache tu. Lakini baba yangu alikuwa fundi wa mota kabla ya kukimbia mwaka 1996, na mimi nimekua nikisikia habari za gia badala ya hadithi za sungura. Nikamwita mzee, tukapiga simu ng'ambo. Haya ninayoandika ni maneno yake, mimi nimeyapanga tu.

Gia inafanyaje kazi?

Kutoka kwenye injini kuna shafti ndefu inayoshuka ndani ya mguu mpaka chini majini. Mwisho wake kuna gia ndogo. Hiyo inazungusha gia mbili kubwa, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Injini ikiwaka, hizo zote zinazunguka muda wote, hata kama boti imesimama.

Katikati ya gia hizo mbili kuna kipande cha chuma chenye meno pande zote mbili. Kinateleza juu ya shafti ya propela. Ukisukuma mkono wa gia, kuna fimbo inayokwenda chini na kukisogeza. Kikiuma gia ya mbele, boti inaenda mbele. Kikiuma ya nyuma, inarudi. Kikibaki katikati hakiumi kitu, ndiyo huru.

Kwa hiyo kutoka mkononi mwako mpaka kwenye maji kuna sehemu nne za kuuliza: mkono na waya au fimbo zake, kile kipande chenye meno, gia zenyewe, na mwisho propela. Mzee anasema fundi mvivu anaanza na ile yenye bei kubwa. Fundi mzuri anaanza na ile anayoweza kuiona bila kufungua kitu.

Kabla ya kugusa

Zima mota. Chomoa kofia za plagi zote. Hili si jambo la kuruka. Ukizungusha propela kwa mkono wakati gia imeingia, unazungusha na injini, na injini inaweza kuwaka. Kuna watu wamebaki bila vidole.

Pima hivi

Kwanza, weka huru. Zungusha propela kwa mkono, iende bila shida pande zote mbili. Ikiwa bado inauma, basi mkono unasema huru lakini chini hakuna huru. Waya au fimbo imekaa vibaya. Mota ya namna hiyo ni hatari, maana ukiiwasha inaweza kuruka mbele na mtu yuko majini.

Pili, ingiza gia ya mbele, huku mtu mwingine anazungusha propela polepole. Mota ikiwa imezimwa, meno hayakutani yenyewe, lazima yasaidiwe. Wengi hawajui hili. Wanalazimisha mkono kwa nguvu wakati mota imelala, wanapinda fimbo, halafu wanasema gia ni mbovu. Gia ikiingia, zungusha propela upande huu na ule. Upande mmoja ni lazima ukatae, usikie uzito wa injini. Fanya hivyo hivyo kwa gia ya nyuma.

Tatu, kama mkono unakwenda na chini hakuna kinachobadilika, fungua kifuniko cha juu. Mtu mmoja asukume mkono, mwingine aangalie kama fimbo inasogea. Mara nyingi ni pini imetoka au waya umekatika, kazi ya nusu saa. Na uliza swali hili: tatizo lilianza lini? Kama lilianza baada ya fundi kubadilisha pampu ya maji, basi mguu ulishushwa na kurudishwa. Labda fimbo ya juu na ya chini hazikuunganishwa vizuri. Wakati wa kurudisha, juu na chini vyote viwe kwenye gia moja, kwa mfano huru.

Nne, angalia oili ya gia. Legeza skrubu ya chini kwenye mguu, itoke kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi sababu ni uzi wa nyavu au wa ndoano uliojizungusha nyuma ya propela na kukata mpira wa kuzuia maji. Ikiwa na vipande vya chuma, hapo kweli gia au meno yanaumia, na fundi lazima afungue.

Inaingia, halafu inaachia

Hii ndiyo ilikuwa shida ya yule kijana. Hapa kuna magonjwa mawili yanayofanana, na bei zake hazifanani kabisa.

La kwanza ni meno yaliyolika. Ukiongeza moto yanaruka, unasikia ta-ta-ta na mkono wako unapigwa. Hilo ni la kufungua mguu.

La pili ni propela. Kwenye mota nyingi, kama zile za farasi 15, 25 na 40 zilizojaa ziwani, ndani ya propela kuna mpira uliobanwa kati ya chuma cha katikati na mapanga. Kazi yake ni kupunguza pigo ukigonga jiwe. Ukizeeka au ukigongwa sana, mpira unateleza. Moto mdogo boti inaenda, moto mkubwa mota inalia na boti haina nguvu. Hakuna kugonga, ni kelele tu. Kwenye mota ndogo sana hakuna mpira huo, kuna pini inayokatika. Angalia hiyo kwanza.

Namna ya kujua ni rahisi. Kausha propela, chora mstari mmoja wa rangi kutoka chuma cha katikati mpaka kwenye mwili wa propela. Hata rangi ya kucha ya mke wako inafaa. Nenda majini karibu na pwani, ongeza moto mpaka ilie, rudi uangalie. Mstari ukiwa umeachana, mpira umeteleza. Gia hazina kosa.

Tulimwambia yule kijana kwa simu. Kesho yake akapiga, anacheka. "Mwalimu, mstari umekatika! Nusu iko huku, nusu iko kule." Akaazima propela ya rafiki yake, mota ikavuta kama zamani. Akanunua ya mtumba iliyo nzima kwa pesa yake mwenyewe. Mama hakukopa.

Ili gia idumu

Punguza moto mpaka mwisho kabla ya kubadilisha. Pumzika kidogo kwenye huru. Halafu ingiza kwa mara moja, bila kusitasita. Ukiingiza polepole kwa huruma, ndipo meno yanagongana na kulika pembe. Kila ukitoa propela, ondoa nyuzi na paka grisi. Oili mpya inajazwa kutoka tundu la chini mpaka itoke la juu. Funga la juu kwanza, halafu la chini.

Na jambo la mwisho, ambalo mzee alinishika mkono akitaka niliandike. Mota nzima au mbovu, kafi mbili na ndoo zisikose ndani ya boti, na kila abiria avae jaketi la kuokolea. Gia ikikwama mbele, usiingie pwani na moto. Zima mapema, piga kafi.

Sasa, kwa nini habari hizi hapa kambini? Kwa sababu ndugu zetu wako majini leo, na wakikwama simu inaita hapa. Na kwa sababu watoto wetu siku moja watarudi kwenye ziwa la babu zao. Wasifike kama wageni.

Mwenye swali alete kwa mwalimu wa zamu. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akitujalia.

Wenu, Mwalimu wa kujitolea