Jamani, Tuache Kujaa, Tujifunze Huduma ya Kwanza

Najua nimepotea. Majaribio yalitubana na bumu nalo likachelewa, mambo yale yale ya kila muhula. Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kafeteria. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inatuhusu sisi wanafunzi wa chuo kikuu, hasa sisi wa ualimu.

Jumanne iliyopita, pale kwenye vimbweta, dada mmoja wa mwaka wa kwanza alianguka kifafa. Mchana kweupe, watu wamejaa wanadurusu. Mimi nilikuwa natoka maktaba na nilipofika duara lilishafungwa, watu kama 40 hivi. Mmoja anapiga kelele aletewe kijiko amwekee katikati ya meno. Mwingine keshavua kiatu anamnusisha. Watatu wamemkalia miguu na mikono ili asitikisike. Kuna jamaa kasimama nyuma kabisa anasema msimguse, lile povu linaambukiza. Na simu, jamani, simu! Nilihesabu saba zimeinuliwa juu zinarekodi.

Aliyemsaidia yule dada ni mama mmoja wa usafi. Aliacha ufagio, akapenya, akatutawanya kama kuku. "Sogeeni huko! Mpisheni apate hewa!" Akawatoa wale waliomkalia, akasogeza mabegi na chupa za soda asijigonge, akakunja khanga yake akamwekea chini ya kichwa. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe, tazama saa." Nikatazama. Ilikuwa kama dakika mbili na nusu, mtukutiko ukaisha wenyewe. Akamlaza ubavu ili mate yatoke, akakaa naye chini akimsemesha taratibu mpaka alipojua yuko wapi. Baadaye nikamuuliza, mama, haya umejifunzia wapi? Akasema, "Mwanangu anao. Nesi wa kliniki alinielekeza siku moja, hata dakika kumi hazikufika."

Dakika kumi! Sisi tuna miaka 13 ya darasani kabla hata ya kukanyaga hapa chuoni, na kitu tulichokuwa nacho siku ile ni kijiko.

Kwa taarifa ya mwenye kijiko: mtu wa kifafa hawezi kumeza ulimi wake. Ukimlazimishia chuma mdomoni utamvunja meno, na jino lililovunjika linaweza kushuka hadi kwenye njia ya hewa. Kiatu na kiberiti havizuii chochote, ni kwamba mara nyingi kifafa huisha chenyewe ndani ya dakika chache, basi aliyeshika kiatu anaona dawa yake imefanya kazi. Na povu ni mate, halimwambukizi mtu. Mtukutiko ukipita dakika tano, ukirudi kabla hajazinduka, au ikiwa ni mjamzito, hapo ni hospitali moja kwa moja. Hayo ndiyo yote. Ni mafupi kuliko desa la wiki moja la saikolojia ya elimu.

Sasa hoja yangu ni hii, na mtu aje anibishie. Katika zile dakika tano za mwanzo hakuna daktari. Kuna mtu aliyeko karibu nawe. Moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika baada ya kama dakika nne hivi. Ni gari gani la wagonjwa hapa kwetu litafika kwa dakika nne? Kwa hiyo uhai wako na wangu umo mikononi mwa watu wa kwenye duara, na watu wa kwenye duara ni sisi, ambao hatujui kitu ila tunajiamini kupita kiasi.

Wapenzi wa mpira mnakumbuka Juni 12, 2021, Denmark na Finland, mjini Copenhagen. Christian Eriksen alianguka uwanjani, moyo ukasimama. Wachezaji wenzake nao walifanya duara. Lakini duara lao walimpa mgongo, wakawazuia watu na kamera wasimwone, ndani wakaachwa wanaojua kazi wakandamize kifua. Yule bwana alirudi kucheza mpira mwaka 2022. Duara la kwetu ni la nyuso kuelekea ndani, shingo zimerefushwa, simu mkononi. Tunamnyima mgonjwa hewa, tunamnyima heshima, na tunamzibia njia yule mmoja anayejua.

Najua mtaniambia hayo ni ya Ulaya, wana vifaa. Haya, turudi nyumbani. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria pale Bukoba ikiwa na watu 43, waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Mei 6, 2017 basi la wanafunzi wa Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni kule Karatu, tulipoteza watoto 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walipona. Kati ya waliofika mapema walikuwamo Wamarekani waliokuwa wanapita tu njia ile, wakiwa na ujuzi wa tiba, wakashuka na kuanza kazi. Hawakuitwa na mtu. Walikuwa wapita njia kama wewe na mimi, tofauti ni kwamba wao walijua pa kuanzia.

Na ukitaka kuona kujaa kunavyoua, kumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019. Lori la mafuta lilianguka, watu wakalizunguka, wengine wakachota, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Siwasemi marehemu vibaya, Mungu awarehemu, na najua maisha ni magumu. Nasema tu kwamba somo la kwanza kabisa la huduma ya kwanza ni kutazama usalama wako kabla hujasogea. Mafuta yamemwagika, unakaa mbali na unawafukuza wengine. Hilo somo tungefundishwa darasa la tatu, nani ajuaye.

Sasa nije kwetu walimu watarajiwa, maana hapa ndipo panaponiuma. Tunakariri Piaget, tunakariri Skinner, tunaandika maandalio ya somo yenye malengo mahususi mpaka usiku wa manane. Mwakani tunapangiwa field, mwingine atakwenda shule ambayo zahanati iko kilomita 15 na barabara ni ya udongo. Mtoto ataanguka kutoka juu ya mwembe. Mwingine atapaliwa na kipande cha muhogo. Mwingine atang'atwa na nyoka akienda chooni. Wataitana, "Mwalimu! Mwalimu!" Hawataita "daktari". Utawajibu nini, utawatajia hatua za makuzi za Piaget?

Katika kozi yangu, tangu mwaka wa kwanza mpaka leo, sijakutana na saa moja ya huduma ya kwanza. Hata moja. Na shule niliyofanyia mazoezi mwaka jana, kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwepo, kimepakwa rangi nyeupe na msalaba mwekundu mzuri kabisa. Ndani mlikuwa na chaki, muhuri na kitasa kibovu. Nilipouliza bandeji ziko wapi nikaambiwa, mwalimu, hicho ni cha wakaguzi.

Kabla hamjaniambia nalalamika tu, haya chukueni, mkabandike rumu zenu.

Damu inatoka kwa wingi: chukua kitambaa safi, gandamiza palepale inapotoka, kwa nguvu, na usiachie. Usifunue kila baada ya nusu dakika kuchungulia. Kitambaa kikilowa weka kingine juu yake.

Ameungua: maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo yai, siyo unga wala majivu. Huna bomba, mwagia kwa kata kidogo kidogo. Hivyo vingine vinaziba joto ndani na kumpa nesi kazi ya kubandua.

Amepaliwa, hawezi kukohoa wala kusema: mwinamishe, mpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Haijatoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani na juu mara tano. Rudia. Mtoto wa chini ya mwaka usimbane tumbo kabisa.

Ameanguka, haitiki, hapumui kawaida: mlaze chali, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, kandamiza kwenda chini kama sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwenzako apige simu na kutafuta gari, nyie wawili mpokezane.

Nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Mtulize, mguu usitembezwe, mkimbize hospitali. Kunywa mafuta ya taa: usimtapishe, usimpe maziwa, mwahishe. Mtoto wa degedege: mlaze ubavu na mpeleke kituo cha afya, maana mara nyingi ni homa, na huku kwetu homa mara nyingi ni malaria. Ile imani kwamba akichomwa sindano atakufa imezika watoto wengi.

Ajali ya bodaboda: msimnyanyue kwa kwapa kama gunia, na msimpakize mshikaki katikati ya watu wawili kichwa kinaning'inia. Kama hakuna moto wala magari yanayokuja, mwache alivyo, shika kichwa kisiyumbe. Kama lazima aondoke, tafuteni ubao, mnyanyueni watu wanne kwa pamoja.

Sasa visingizio. Cha kwanza, "hiyo ni kazi ya manesi." Nesi anaanza kazi mgonjwa akimfikia hai. Kazi ya kumfikisha hai ni ya nani?

Cha pili, "polisi watanigeuza mimi mtuhumiwa, mara PF3, mara maelezo." Hiki nakielewa, watu wamesumbuliwa kweli na nisingependa kudanganya. Lakini PF3 ni karatasi ya kituoni na hospitalini. Hakuna anayekudai PF3 ili ugandamize kidonda kinachovuja damu. Na wakubwa nao wakitaka wananchi tusaidie, waache kumkaribisha msamaria kwa maswali kama ndiye aliyegonga.

Cha tatu, "siku yake ikifika imefika." Haya. Mbona ukivuka barabara pale getini unatazama kulia na kushoto? Siku yako ikifika si imefika tu? Tunalikumbuka hili neno likiwa la mtu mwingine. Mungu alimleta yule mama wa usafi na khanga yake, na alituleta na sisi 40 palepale, tofauti ni nani alikuwa tayari.

Ninachotaka ni vitu viwili na siombi bajeti ya ajabu. Kwanza, wiki moja tu ya huduma ya kwanza kwa kila mwanafunzi wa ualimu kabla ya kwenda field, tena kwa vitendo, sakafuni, siyo kwa desa. Hujapita, huendi field. Kama tunaweza kupewa sapu kwa kusahau ngazi za Bloom, basi tupewe sapu kwa kutojua kuzuia damu. Msalaba Mwekundu wanafundisha mambo haya miaka nenda rudi, na skauti wapo. Serikali ya wanafunzi, ambayo kila kampeni inatuahidi intaneti ya kasi, ibebe na hili.

Pili ni wewe unayesoma hapa. Hifadhi 114 ya zimamoto na 112 ya polisi kwenye simu, hiyo hiyo ya kurekodia. Ukimwona mtu kaanguka na hujui kitu, una kazi moja yenye maana: geuka, mpe mgongo, wazuie wengine. Ukijua, piga magoti.

Mimi na wenzangu wanne wa rumu tumekubaliana Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa nyuma ya hosteli. Kuna kaka wa mwaka wa tatu alikuwa skauti, atatuonyesha kulaza mtu ubavu na kukandamiza kifua. Njooni na khanga au kikoi cha kulalia. Na yule mama wa usafi nimemwalika aje atufundishe kifafa. Amecheka sana, akasema, "Mimi niwafundishe nyie walimu?"

Ndiyo mama. Karibu sana.