Uwanja Huu ni wa Nani?

Jambo hili nimelisema mara nyingi barazani, na kila nikilisema yupo anayeniuliza: "Mwalimu, nawe umeingia siasa uzeeni?" Sikuingia. Mimi nasema habari ya mpira. Ila mpira huchezwa juu ya ardhi, ardhi ina hati, na hati ina jina la mtu.

Chukua Songea. Miaka ya 1980 mji ule ulikuwa mdogo, na safari ya kuufikia kutoka Dar es Salaam haikuwa ya mchezo. Lakini Majimaji, Wanalizombe, walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1985, wakaurudia 1986, na 1998 wakautwaa tena. Uwanja wao wa nyumbani unaitwa Majimaji, jina la vita ya 1905 hadi 1907, vita ambayo viongozi wa Wangoni walinyongwa na Wajerumani mjini hapohapo mwezi Februari 1906. Mgeni angedhani uwanja wenye jina zito kiasi hicho ni mali ya watu wa Songea. Sivyo. Mmiliki ni Chama Cha Mapinduzi, na klabu iliyoupatia uwanja sifa imecheza pale kama mpangaji. Mwaka 2018 iliposhuka daraja, ilishuka ikiwa mpangaji.

Wala si Songea peke yake. Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, Mkwakwani ya Tanga, Kambarage ya Shinyanga, Ali Hassan Mwinyi ya Tabora, Sheikh Amri Abeid ya Arusha: vyote ni mali ya chama hichohicho. Kijana wa leo anaona ni kawaida, kwa sababu alizaliwa akavikuta hivyo.

Mtetezi atasema: chama ndicho kilichojenga. Hapo ndipo ninapotaka tukae chini, ndugu msomaji, tuhesabu pamoja. Kuanzia 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1975 katiba ikatamka kwamba chama ndicho chenye kushika hatamu. CCM ikazaliwa Februari 1977. Katika miaka hiyo fungu la chama lilitoka pia katika hazina ya serikali, na michango ya ujenzi ilitozwa kwa wote. Katika mji nilikokuwa nikifundisha, walimu tulikatwa mshahara, wakulima walikatwa penye mizani, na wanafunzi wangu walibeba mawe Jumamosi mbili mfululizo, wakiimba. Hakuna aliyeulizwa namba ya kadi. Aliyekuwa na kadi na asiyekuwa nayo walibeba jiwe la uzito uleule.

Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba chama ni sisi sote. Vema, naikubali yote. Kama chama kilikuwa sisi sote, basi kilichojengwa kilikuwa chetu sote. Julai 1992 sheria iliporuhusu vyama vingine, baadhi ya waliobeba mawe walitoka. Je, mawe yao yalitolewa ukutani? Mtu hawezi kuwa wananchi wote siku ya kuchanga na kuwa wanachama peke yao siku ya kuandika hati.

Yupo pia mtetezi wa pili, naye namheshimu zaidi. Husema halmashauri zetu zikikabidhiwa viwanja zitavifanya malisho ya mbuzi. Hofu hiyo ina sababu. Nimeona vyoo vya shule walivyotukabidhi. Lakini Kaitaba ya Bukoba ni ya manispaa, Nyamagana ya Mwanza ni ya jiji, na vyote viwili vilitandikwa nyasi bandia kwa mradi wa FIFA. Kwa upande mwingine, miaka ya karibuni Bodi ya Ligi imefungia viwanja kadhaa vya chama kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea, na timu za mikoani zikalazimika kwenda kuwa "nyumbani" katika mji wa watu. Na Arusha, ambako uwanja wa Sheikh Amri Abeid upo katikati ya mji, serikali ilianza mwaka 2024 kujenga uwanja mwingine wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Walipa kodi wanajenga tena, miaka mingi baada ya michango ya kwanza.

Nikiwa mkuu wa shule niliwahi kuomba uwanja mmoja kwa mashindano ya riadha. Nilijibiwa kwa ankara. Mwenye ankara simtaji, ila miongoni mwa wazazi waliochangishwa kuilipa walikuwamo wawili waliobeba mawe yale.

Sidai mtu anyang'anywe kitu usiku. Nadai hati zihamishwe mchana: kila uwanja uwe chini ya bodi ya wadhamini ya mji wake, ndani yake wamo halmashauri, klabu na shule, na hesabu zibandikwe mlangoni. Chama kisikose nafasi. Siku ya mkutano wa kampeni kije, kama vyama vingine vyote, kilipie uwanja, kiachiwe risiti, na kesho yake asubuhi kizibe mashimo ya nguzo za turubai.